Kaseti ya Mayai Mawili

Katikati ya wimbo wa mwisho, wanawake wazee wa Kabambare walianza kucheka.

Safi hakuacha kuimba. Alifumba macho, akayavuta yale maneno polepole kama alivyoyazoea tangu utotoni. Nyuma yake Héritier alipiga sufuria kwa mdundo wa kiwete: ta, ta-ta-ta, kimya kirefu, ta. Pitchou alishika gitaa bila kulipiga. Katika wimbo huu kazi yake ilikuwa kukohoa, mara moja mwanzoni, mara moja mwishoni.

Pitchou alikuwa ameapa. Kabambare wakiwacheka, yeye na kundi basi. Angeshika njia ya Salamabila akachimbe dhahabu.

Yote yalianzia soko la Kasongo, Safi akiwa na miaka tisa. Mama yake alimtuma kuuza mayai. Mayai mawili yaliishia kwa muuza vikorokoro, na Safi akarudi nyumbani na kaseti.

"Ilianguka ku kinga ya mutu alikuwa anaenda Kabambare," muuzaji alimwambia, akimwonyesha kwa kidevu baiskeli zilizokuwa zikipita. "Jina haina. Lakini iko na sauti ndani."

Redio ya nyumbani ilikuwa na mawe ya betri yaliyochoka. Safi akayaanika juani mpaka yakapata moto, akayarudisha, akabonyeza. Ikatoka sauti nzito ya kiume, ikijikokota kama mtu anayepanda mlima na gunia la mihogo. Ilikohoa kwanza. Kisha ikaimba maneno asiyoyajua. Chini yake ngoma ilikwenda, ikasimama, ikakimbia, ikasimama tena pasipo sababu. Kikohozi kingine, mwisho.

Mama yake alisema redio imekufa. Safi alilia kwa uzuri aliousikia.

Aliisikiliza mpaka utepe ukakatika. Wakati huo maneno yote yalikuwa kichwani mwake, na katika hayo alielewa moja tu, kwa sababu lilirudi mara tano: Théophile.

Hilo halikumsumbua mtu. Nani asiyejua kwamba jina likitajwa ndani ya wimbo, mwenye jina amelipa?

"Ule Théophile ni bosi," Pitchou alisema siku walipounda kundi. "Mara tano? Ule aliuza motokari juu ya kulipa."

Kwa miaka sita waliimba nyimbo za namna hiyo, na kwa miaka sita Kasongo iliziita muziki ya homa. Aliyewatendea wema ni mmoja tu, Mama Mathilde, fundi wa kushona mwenye asili ya Kabambare, aliyewatengenezea nguo za jukwaani bila kudai kitu. Kuwasikiliza, hapana. "Mutaimbia kwenu," alikuwa akisema, mguu haujaachia cherehani. "Hapa ninashona."

Safi alipomwambia safari hii inaelekea Kabambare, Mama Mathilde alikata uzi kwa meno.

"Munafuata nini kule?"

"Tunatafuta bosi, Mama. Mwenye alilipa ile kaseti yangu ya zamani."

"Watu ya kule unawapa jibu, wananyamaza tu," alisema Mama Mathilde. "Geuka, nione mabega."

Ndivyo walivyopanda pikipiki, wakala matope siku mbili, wakafika. Na kabla ya wimbo wa mwisho Safi alisimama mbele ya watu, akasema wimbo huu ni wa bosi Théophile, na kama yuko ukumbini ainue mkono. Hakuna aliyeinua. Akaanza kuimba.

Sasa vicheko vilikuwa vimeenea. Bibi mmoja alijifuta machozi kwa kitenge. Mwingine alirudia maneno ya Safi kwa jirani yake, wakapigana viganja. Katika benchi la pili, mwanaume mwenye mikono iliyojaa grisi alisimama ghafla, akaangusha benchi na watu wake, akatoka nje bila kutazama nyuma.

"Umeona?" Pitchou alisema walipokuwa wakikusanya masufuria. "Hata mutu mumoja hakuelewa."

Safi alifunga sufuria ya mwisho kwa kamba. Maisha yake yote alitaka mtu mmoja tu aisikie kaseti ile kama yeye alivyoisikia. Mmoja angetosha.

Asubuhi walifunga mizigo kwenye pikipiki. Ya Pitchou ilikuwa imeelekezwa Salamabila. Hapo akatokea yule mwanaume wa benchi la pili. Alivaa koti lenye mikunjo ya sandukuni, na mkononi alishika kamba yenye mbuzi wawili.

"Jambo, baba," Safi alisema.

"Jambo, mwanangu. Ni mimi Théophile."

Pitchou alitazama mbuzi, akatazama viatu, akachungulia nyuma ya yule mtu kama kuna motokari.

"Bosi Théophile?"

"Bosi ya nani? Mimi ninatengeneza makinga." Alivuta pumzi. "Wakati ule simu haikukuwa. Nilimutumia kaseti, nikamuuliza kama atanikubali. Miaka makumi mbili na mbili ninasema, mwanamuke ule iko na kiburi, hata hapana hakuniambia. Kumbe alijibu, ndio ule wimbo wenu. Na kwa luga yetu ya nyumbani."

Safi aliikumbuka ile sauti ya kiume, na yale mawe yaliyochoka yaliyoivuta mpaka ikawa nzito.

"Alisema ndiyo," Théophile aliendelea, akiweka sawa kola ya koti. "Lakini nilete mbuzi mbili, na mujomba wangu mwenye maneno mingi nisimulete. Mujomba alishakufa, kwa hiyo ile iko sawa."

Akampa Héritier kamba ya mbuzi, akapanda pikipiki ya Pitchou, akageuza usukani kuelekea Kasongo.

"Tukifika utanipeleka mupaka ndani, mwanangu. Kubisha mulango haitasaidia. Mathilde ni ule ule, nilisikia jana ku ile sufuria yenu: hata siku ya kunijibu hakusimamisha mashini yake ya kushona."