Pisheni Mzazi

Kabla hawajatoka hata nje ya Chiwata, Getrude alikuwa ameshatubu dhambi zake zote na kuanza kutubu za majirani.

Alikuwa amekaa upande kwenye keria ya baiskeli. Mkono mmoja ulilikamata koti la wifi yake, Dominika. Mwingine, chini ya kanga, haukutoka tumboni. Mbele yake hakuona kitu zaidi ya mgongo wa Dominika na lile koti la mitumba la mumewe lililomfika magotini. Gurudumu likikanyaga jiwe, Getrude aliguna. Likiingia kwenye shimo, alilia.

"Wifi, nakufa."

"Hufi. Wewe nishike tu."

Hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka juzi ndugu yao Severina wa Lupaso alishikwa na uchungu shambani, wanaume wakambeba kwa kitanda kumpeleka hospitali ya Ndanda. Mama alifika, mtoto hakuwahi. Getrude ndiye aliyemwosha yule mtoto, na tangu siku ile akisikia mtu anapelekwa Ndanda huanza kutubu.

Na leo, uchungu ulipoanza alfajiri, gari hakuna. Tangu serikali iwaruhusu watu binafsi kununua korosho, msimu ukifika kila chenye matairi huhamia Newala kufuata magunia. Nathanaeli, mume wa Dominika na kaka yake Getrude, naye alikuwa huko huko, juu ya lori la watu. Ikabaki baiskeli.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya msaada. Zilikuja kutoka Ulaya kupitia parokia, za kike, zenye kikapu mbele, wakagawiwa akina mama wa kikundi. Wanaume walicheka wiki ya kwanza. Halafu wakaona maji yanafika nyumbani mapema, mahindi yanakwenda mashineni na unga unarudi kabla jua halijawa kali, wakaacha kucheka na kuanza kuziazima. Fundi Benedikto aliwafundisha wanawake kuendesha kwenye uwanja wa mpira, wote isipokuwa Getrude. Yeye alikaa pembeni akatangaza kwamba mwanamke mwenye akili zake hapandi chuma kile, kinaharibu uzazi. Dominika alianguka, akachubuka, akacheka, akapanda tena mpaka akajua.

Kwa hiyo leo aliyejua alikaa mbele na aliyegoma alikaa nyuma. Hapakuwa na namna nyingine ya kupangana.

Dominika alikanyaga pedeli huku magoti kayapanua nje kama chura, akiimba wimbo wa kwaya. Kila baada ya mwendo fulani wimbo ulikatika katikati ya ubeti na baiskeli ikasimama. Aliinamia usukani akahema, kisha akaendelea na neno lile lile aliloliacha. Getrude alizijaza zile nafasi kwa Salamu Maria, tena za haraka haraka.

"Tupumzike kidogo?" aliuliza.

"Tukipumzika ndiyo tumekwisha, wifi."

Penye kilima Getrude alishuka, akawa anasukuma kwa nyuma kwa mkono mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa akiokota korosho kando ya njia aliinua kichwa.

"Shikamoo, babu," alisema Dominika.

"Marahaba. Nyie, mnamtembezaje mzazi kwa miguu? Mpakie huyo."

Getrude alikuwa anahema, na kilima kilikuwa kimekwisha. Alipanda. Mzee akaweka mikono mdomoni, akawapigia ukelele waliokuwa mbele: pisheni mzazi. Waliokuwa mbele wakawaambia wa mbele yao. Wenye kuni wakaingia majanini, mbuzi wakaburutwa pembeni, na wote wakaitazama ile kanga iliyovimba na ule uso uliokunjamana. Mwanamke mmoja alimwambia Getrude ajikaze. Getrude akajikaza.

Bondeni walivuka kijito ambacho msimu ule hakikulowesha hata pedeli. Walipopanda upande wa pili, Getrude aliona gauni la Dominika linachuruzika maji. Dominika hakurudia tena wimbo wake.

"Sasa shika kweli," alisema. "Breki sigusi."

Getrude aliogopa sasa, na safari hii si kuanguka. Alimwona tena yule mtoto wa Severina mikononi mwake, alivyokuwa mwepesi. Akafumba macho, akamwambia Mungu kwamba wakifika salama atajifunza baiskeli, ataendesha mbele ya kijiji kizima, na asiyetaka kuangalia asiangalie.

Mteremko uliwatupa mpaka barabara kuu, na barabara kuu mpaka getini. Habari zilikuwa zimewatangulia. Manesi wawili walikwishatoka na machela, na kabla baiskeli haijasimama sawasawa walimnyanyua Getrude, wakamlaza, wakaanza kukimbia naye.

"Jikaze, mama, umeshafika," alisema nesi wa mbele. "Hii mimba ya ngapi?"

Getrude alitaka kusema, lakini meno yaligongana tu kwa jinsi safari ilivyomtikisa. Akaona heri awaonyeshe. Alifunua kanga, na kutoka tumboni likaanguka beseni dogo, likaviringika chini na kumwaga doti mpya ya kanga na visoksi vya kichanga.

Manesi walisimama.

Nyuma yao, Dominika alikuwa ameshaiwekea baiskeli stendi na kuipiga kufuli. Alivua lile koti la mumewe, akalitundika kwenye usukani, akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Dada zangu, mshusheni wifi yangu, yeye amenisindikiza tu," alisema. "Mwenye uchungu ni mimi, na huyu hasubiri tena."