Mlimau wa Kitovu

Bi Mize aliumwagia mlimau ndoo nyingine ya maji, na bado majani yalikuwa yamenyong'onyea. Chini ya mti huo alikizika kitovu cha mwanawe Shaame, kilipodondoka siku ya saba. Sasa Shaame yuko ng'ambo mwaka wa sita, na simu hapigi. Kwa mama yake, mlimau ukifa ni kama kuletewa habari mbaya.

Mashavu, jirani yake, alichungulia juu ya ua.

"Shoga, huo mti unataka kuufundisha kuogelea?"

"Una kiu, Mashavu. Naumwagia, haunywi."

Mashavu akaingia, akachovya kidole ndooni, akakilamba, akatema. "Maji ya nini haya?"

"Niliyorowekea ng'onda. Nikasema yana nguvu ya samaki, niyatupe ya nini?"

"Ng'onda ni chumvi tupu, mwenzangu! Chumvi ikijaa kwenye udongo huyavuta maji. Mizizi badala ya kunywa, inanyonywa."

Bi Mize akakaa kitako pale pale kwenye tope. Kila Ijumaa hupika ng'onda kwa nazi, kama apendavyo Shaame, akala peke yake.

Mashavu alipokwenda zake, Bi Mize alichota maji baridi kisimani, ndoo baada ya ndoo, akiusuuza udongo mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha akakwaruza gome la tawi kwa ukucha. Palikuwa na ukijani mwembamba, kama uzi. Vidole vilikuwa havihisi kitu, basi akaweka midomo yake pale, akatulia, asikie kama pana unyevu.