Rimoti ya Fataki

Shekue, mrusha fataki za harusini, aliweka rimoti mbili mpya kwenye meza ya uani. Moja ilikuwa ndogo, ya kubonyeza tu. Nyingine ilikuwa nzito, nayo fataki zake hazikupokea ishara yoyote mpaka uizungushie ufunguo.

"Hii ndogo inatosha," alimwambia mkewe, Bi Rukaya. "Ufunguo wa nini? Kwani naendesha gari?"

Akasimika fataki moja mchangani, akarudi nyuma, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaiacha rimoti mezani, akaenda kuiinamia fataki akague waya.

"Baba Saumu, toka hapo!" mkewe alimpigia kelele.

"Si rimoti iko mezani?" alijibu, akimgeukia.

Barabarani, jirani alisimamisha gari na kubonyeza rimoti ya geti lake. Geti likaanza kufunguka, na papo hapo fataki ikafyatuka. Ilimparuza Shekue sikio, ikapasukia juu ya mapaa.

Alijishika sikio, vidole vikaloa damu. Aliiendea ile rimoti nzito, akauchomoa ufunguo, akamnyooshea mkewe.

"Kaa nao wewe. Nikiwa karibu na fataki, hata nikikuomba, usinipe."

Bi Rukaya hakuupokea. Alikunja ncha ya mtandio wake, akamkandamizia sikio kwanza.