Maji ya Shemsa

Mwanamke akifa mjini, wa kumwosha alikuwa Bi Mwanakheri. Lakini ugonjwa wa kuambukiza ulipomchukua Shemsa, mdogo wake wa tumbo moja, hakuna aliyemwita. Alitia kafuri kwenye ndoo ya maji, akachukua chanuo, akasimama njiani kulingojea gari linalompeleka marehemu makaburini.

Lilipofika akalizuia.

"Wanangu, mmemsuka nywele, mikia mitatu?"

Wanaume wawili waliojifunika plastiki nyeupe wakatazamana. "Bibi, hatukuruhusiwa kufungua mfuko."

"Anakwenda kwa Mola wake hivyo hivyo, bila maji?"

Gari likaondoka. Majirani walichungulia madirishani, asitoke hata mmoja. Bi Mwanakheri akapiga magoti, akaanza kuzimwagia maji alama za matairi, taratibu, upande wa kulia kwanza, kama alivyowaosha wote.