Bawa la Kulia

Fundi cherehani alishusha pumzi polepole. Mbele yake ilisimama ndege ndogo ya vita ya plastiki, ya kuchezea, aliyoiunganisha kipande kwa kipande. Kisanduku cha vipande hivyo kilikuwa kabatini tangu yeye mtoto. Sasa zilibaki nembo za kubandika mabawani tu, kuukuu na nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mama, usitikise meza!"

"Nimeigusa?" aling'aka mama yake, rubani aliyeapa kutogusa tena ndege yoyote tangu macho yaliyofifia yamstaafishe.

Nembo ya kwanza iliteleza kutoka kwenye karatasi yake iliyoloweshwa maji, ikajikunja. Fundi akaigusa kwa ncha ya kibano. Kisha ikajinyoosha, ikalala kwenye bawa la kushoto, nzima.

"Imekaa!" alipiga kelele.

Kiti kikaburuzwa. Mama alikuwa ameshavuta taa karibu.

"Nipe hicho kibano," alisema. "Bawa la kulia nabandika mimi."