Prosesa ya Kushikwa

Mji mzima ulijua Shekue anauza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kali kuliko zote, na mji mzima ulishaishika. Ndiyo ilikuwa akili yake ya biashara: mtu aje kushangaa ile kubwa, aondoke na ndogo. Wakaja kweli, wakapiga nayo picha, wakaenda zao bila kununua kitu. Mkewe, Mwanakheri, akasema wafunge duka, wakauze chaja barabarani. Shekue akamwomba wiki moja tu.

"Atakuja mwenye wazimu wake, mama watoto. Mmoja anatosha."

Siku ya sita akaja. Dada mmoja wa miwani, mtengeneza katuni za kompyuta, hata bei hakuuliza. Akaigeuza prosesa juu chini, akaisogeza kwenye taa.

"Kaka, hii umeifanya karanga za kuonja?"

Vijipini vya chini vya kupitisha umeme, vyembamba kama nywele, vilikuwa vimelazwa na vidole vya watu, safu nzima.

"Vinanyooka, dada. Nipe dakika kumi."

"Nyoosha, halafu ukae nayo," akasema, akatoka.

 Mwanakheri akaanza kushusha maboksi kwenye shelfu. Shekue akachukua sindano, akabana pumzi, akanyanyua kijipini cha kwanza. Kikasimama. Akagusa cha pili, kikang'oka, kikabaki kinang'aa kwenye ncha ya kidole chake.