Vichupa vya Mdomo Mwembamba

Mkewe alikuwa amemwonya fundi saa: "Baba watoto, hayo maji yako ya sigara ya umeme yahifadhi kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vigumu. Nikotini ni sumu."

Lakini siku hiyo fundi alichoka hadi kwenye kucha, na kumimina kwenye kioo kunataka mkono usiotetemeka, ilhali kichupa laini cha plastiki ukikiminya na kukiachia hufyonza chenyewe. Akaona vichupa vitupu vya dawa ya macho ya mama yake, vimeoshwa vikatunzwa, maana nyumba ile haitupi kitu. Akajaza vinne, akaviacha mezani, akaenda kunawa.

Aliporudi, mama yake alikuwa kitini, kichwa nyuma, kidole kimevuta kope ya chini. Juu ya jicho lile, tone lilikuwa limevimba kwenye mdomo wa kichupa, likining'inia.

Akipiga kelele, bibi wa watu atashtuka na kukiminya. Akimrukia, yale yale.

"Mama," akasema taratibu, "kwani hujasikia? Mwenye nyumba kaachwa."

Kichupa kikaganda hewani.

"Kaachwa na mke yupi?"

"Wote wawili. Leo asubuhi."

"We!" Mama akainua kichwa, na tone likadondokea gauni. "Vuta kiti. Anza mwanzo, na usinirukie hata neno."

Fundi akakipokea kichupa kutoka mkononi mwake. Akaketi, akaanza kutunga.